Bolti Iliyoganda Katika Pikipiki ya Mayatima

Mtu akaaye Ushongo, kusini ya mto Pangani, hana haja ya kufundishwa kutu ni nini. Aiona kila siku. Bati alilopigilia mwaka jana mwaka huu limetoboka. Bawaba za mlango zalia. Baiskeli aliyoiegemeza ukutani kwa mwezi mmoja mnyororo wake hauzunguki tena. Kusi livumapo hutupa chumvi mpaka chumba cha ndani, wala kaskazi haina huruma zaidi. Kwa hiyo haya tunayotaka kuyaandika, ya bolti moja isiyofika urefu wa kidole, huenda wasomaji wetu wa bara wakayaona madogo. Sisi hatukuyaona madogo, kwani bolti hiyo ilikuwa katika mali ya mayatima, na aliyekabidhiwa mali hiyo alikuwa sisi.

Sisi ni mwalimu wa chuo. Umri wetu umepita miaka 50, na elimu yetu ni ya msahafu na ya shule ya msingi; ufundi hatukuusomea popote. Mwaka 2018 alifariki ndugu yetu mmoja, mchuuzi wa nazi, akaacha mjane na watoto wanne, mdogo wao hajaachishwa ziwa. Katika wasia wake alitutaja sisi kuwa wasii. Madeni yalilipwa kwanza, kama ipasavyo, na baada ya kulipwa madeni ilibaki nyumba ya udongo, minazi isiyotimia ishirini, na pikipiki moja. Pikipiki hiyo tuliikabidhi kwa kijana aliyesoma chuoni kwetu, aiendeshe bodaboda baina ya Ushongo, Mwera na kivuko cha Bweni, na kila siku alete hesabu ya shilingi 5,000. Fedha hizo ndizo zilizokuwa unga, mafuta ya taa, daftari na sare za shule. Tuliziandika zote katika kitabu, zilizoingia na zilizotoka, kwa sababu tuliwakumbuka wazee wetu, ambao walikuwa wakiogopa kuwa wasii kuliko walivyoogopa kuvuka bahari wakati wa kusi.

Basi baada ya masika ya mwaka 2019 pikipiki ilianza kuugua. Kijana alipofika penye mchanga mwingi, au alipopakia magunia mawili ya nazi, injini ilipiga kelele kubwa lakini gurudumu halikuongeza mwendo. Kukawa na harufu ya kuungua. Siku ya pili yake aliporudi hakuleta hesabu, akaja kwetu baada ya Alasiri uso umemshuka.

"Shikamoo Maalim. Klachi imekwisha. Fundi wa barabarani asema injini nzima yataka kufunguliwa. Ataka laki nne."

Laki nne ni hesabu ya siku 80. Tulimwuliza kama fundi huyo ameifungua akaona, akajibu kwamba hakuifungua, bali aliisikiliza tu. Sisi hatuna ujuzi wa injini, lakini tunajua kwamba mgonjwa hapasuliwi kwa kusikilizwa mlangoni. Tukamwendea mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya shamba la mkonge, ambaye sasa amestaafu na hatengenezi tena kwa biashara ila kwa kuombwa na watu wake. Alikubali kuja, kwa sharti kwamba tusimharakishe.

Yafaa tueleze hapa klachi ni kitu gani, maana tumeona kwamba hata wenye pikipiki wengi hawajui, na akina mama ambao ndio wapakiwao kila siku hawajaelezwa. Ndani ya injini, upande wa kulia katika pikipiki nyingi, mmepangwa pleti za duara, moja juu ya moja, mfano wa chapati katika sahani. Pleti moja ni ya chuma kitupu, ya pili imebandikwa kitu kikavu chenye kukwaruza, ya tatu chuma tena, na kuendelea hivyo. Springi huzibana zote pamoja. Zikibanwa, nguvu ya injini hupita kwenda kwenye gia na gurudumu. Dereva avutapo mkono wa kushoto, waya huzisukuma springi, pleti huachana, na injini huzunguka peke yake bila kuliburura gurudumu. Huo ndio ulimwengu mzima wa klachi. Pleti zikiwa hazibanwi sawasawa, huteleza; zikiteleza huungua; na injini hupiga kelele bure, kama mtu apigaye makasia hewani.

Jambo la kwanza alilolitazama mzee halikuwa injini. Alikamata mkono wa klachi kwa vidole viwili akautikisa taratibu. Haukutikisika. Akatuita tuutikise sisi. Mkono huo, alisema, lazima uwe na ulegevu kidogo kabla ya waya kuanza kuvuta, na katika pikipiki nyingi ulegevu huo, ukipimwa kwenye ncha ya mkono, ni baina ya milimita 10 na 20. Ulegevu ukizidi, pleti haziachani vizuri. Gia huingia kwa kukwaruza, na pikipiki hutaka kwenda hata dereva akiwa ameibana klachi. Ulegevu ukikosekana kabisa, ni mfano wa mlango usiofungwa ukafika mwisho: springi hazibani kwa nguvu zake zote, na pleti huteleza daima. Fundi mmoja huko nyuma, ambaye hatuna haja ya kumtaja, alikaza waya mpaka ukawa kama uzi wa zeze, kwa kudhani kwamba kilichokazwa ndicho kilicho imara.

Jambo la pili lilikuwa oili. Mzee aliomba kopo la oili lililotumika mara ya mwisho, akaligeuza akalisoma nyuma. Ilikuwa oili ya gari. Katika gari klachi hukaa pakavu, mbali na oili ya injini; katika pikipiki za namna hii pleti huogelea ndani ya oili ile ile, na baadhi ya oili za magari ya siku hizi zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile petroli kidogo. Dawa hiyo ni njema kwa gari na ni balaa kwa pleti, kwa kuwa msuguano ndio kazi yao. Kopo la oili ya pikipiki huandikwa herufi JASO MA. Twawanasihi wenye vyombo walisome kopo kabla ya kulipa, na asiyejua kusoma amwagize mtoto wake wa shule.

Mzee mwenyewe alijifunzia kazi juu ya Honda hamsini, ile pikipiki ndogo ambayo wazee wa pwani waipenda mpaka leo. Wajapani waliitoa mara ya kwanza mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo, uitwao Super Cub, zilikuwa zimekwisha tengenezwa zaidi ya milioni 100. Haina mkono wa klachi hata kidogo. Ndani yake mna vizito ambavyo injini ikizunguka kwa kasi hutupwa nje na kuzibana pleti, na mguu wa gia huziachanisha. Hata hiyo hurekebishwa. Mzee alitueleza kwa kuzungusha kidole hewani: legeza nati ya nje, zungusha parafujo ya katikati mzunguko mmoja kuelekea kulia, irudishe kushoto polepole mpaka mkono usikie imegusa kitu, kisha irudishe kulia thumuni ya mzunguko au robo, usizidishe, ukaze nati. Thumuni! Sisi tuliyezoea kusikia mafundi wakisema "kaza mpaka basi" tulistaajabu kusikia fundi akipima kwa thumuni.

Wala si kwetu tu. Katika nchi za theluji kama Canada wana chombo mfano wa pikipiki kiendacho juu ya theluji kwa mbao mbili mbele na mkanda mpana chini. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alikitoa sokoni chombo chake kidogo cha Ski-Doo mwaka 1959. Klachi yake ni roda mbili zinazoubana mkanda wa mpira, na ndani yake mna vizito na springi. Mwenye chombo apandapo milima mirefu, ambako hewa ni nyepesi na injini hupungua nguvu, hubadili vizito akatia vyepesi zaidi, ili klachi iendane na nguvu iliyopo. Kila nchi, basi, yapima klachi yake kwa ardhi yake. Mchanga wetu wa Ushongo ndio theluji yetu, na gunia la nazi ndilo mlima.

Ilipokuwa imebainika hivyo, mzee alisema waya peke yake hautoshi. Pleti zimenuka, lazima kifuniko cha kulia kifunguliwe, zitazamwe. Kifuniko hicho kimefungwa kwa bolti nyembamba za unene wa milimita 6. Oili ikamwagwa katika chombo. Kijana akafungua bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zikatoka, nyingine kwa kulalamika. Ikabaki moja, ya mbele chini, karibu na bomba la moshi, mahali ambapo maji ya bahari na mchanga hurushwa na gurudumu la mbele, kisha moto wa bomba hukausha chumvi pale pale. Hiyo haikutikisika.

Kijana ana nguvu. Akaenda upande wa pili wa ua akarudi na kipande cha bomba la maji, akalichomeka katika mkia wa spana ili lipate urefu. Pembe za kichwa cha bolti zilikwisha anza kulika. Mzee akamshika mkono.

"Mwanangu, bolti hii haijui kwamba wewe una haraka. Toa bomba lako."

Kisha akamketisha chini akamfanyia hesabu, nasi tukaisikiliza kwa makini. Bolti ya unene huo hukazwa kwa nguvu ndogo tu, kiasi cha uzito wa kilo moja ukiutundika mwisho wa fimbo ya mita moja. Spana yenyewe ina urefu wa sentimita kumi, basi mkono ukisukuma kwa kilo kumi umekwisha timiza. Ukiongeza bomba la mita moja na ukasukuma vile vile, umeizidisha nguvu mara kumi, na bolti haivumilii hata mara tatu. Itakatika, au hesi zilizomo ndani ya kasha la injini zitang'oka nayo. Kasha ni la alumini, madini yale yale ya sufuria. Sikio lake likipasuka, oili haitakaa tena ndani mpaka apatikane mtu ajuaye kuchomelea alumini, naye si kila kijiji huwa naye.

Na kwa nini iligandamana hivyo? Bolti ni chuma, kasha ni alumini. Madini mawili mbalimbali yakikutana katika maji ya chumvi huzaa umeme mdogo, kama ule wa betri, na katika umeme huo alumini ndiyo iliwayo. Inapoliwa hugeuka unga mweupe. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko madini yaliyouzaa. Na kwa kuwa ndani ya tundu la bolti hapana nafasi, hujibana wenyewe baina ya hesi na hesi mpaka ukawa kama saruji. Ndiyo maana nguvu haisaidii. Anayezungusha kwa nguvu hapigani na bolti, apigana na saruji, na kinachovunjika kwanza ni kile chembamba.

Jioni ile mzee alifanya mambo matatu tu. Alisugua kichwa cha bolti kwa brashi ya waya mpaka mchanga wote ukatoka. Aliweka kipande cha shaba juu yake, akakigonga kwa nyundo ndogo mara nyingi, si kwa nguvu, ila moja kwa moja na sawasawa, ili mtikisiko uuvunjevunje ule unga. Kisha akadondosha dizeli iliyochanganywa na mafuta mepesi ya kopo, tone baada ya tone, akatuachia chupa. "Maalim, mnyweshe baada ya Isha, na mnyweshe tena kabla ya Alfajiri." Tukafanya hivyo.

Usiku ule haukuwa mwepesi. Siku nne zilikuwa zimepita bila hesabu, na katika kitabu chetu tulikuwa tumeandika sifuri nne mfululizo. Mjane wa marehemu hakusema neno la lawama. Alituma tu mtoto wake mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, kuuliza kama pikipiki italala tena. Na baada ya Isha alikuja mchuuzi mmoja, akaketi barazani petu, akatoa shilingi laki tano taslimu aichukue pikipiki kama ilivyo. Alijua yote, habari za kijiji hazina mlango. Pikipiki ile ikiwa nzima ilikuwa na thamani mara mbili na zaidi. Alisema: "Maalim, kesho ikikatika bolti hutapata hata laki tatu. Waonee huruma watoto." Tulimpa kahawa, tukamwambia kwamba mali si yetu, na kwamba mwenye kuuza kwa hofu ya kesho hauzi, anatupa. Alikwenda zake. Lakini maneno yake ya bolti kukatika yalibaki nasi, kwa sababu yalikuwa kweli. Kungoja nako kulikuwa na gharama, shilingi 5,000 kila jua likitua, na kijana mwenyewe alikuwa na mama yake wa kumlisha.

Asubuhi tulimwuliza mzee: ikikatika je? Hakuficha. Ikikatika shingo, alisema, kifuniko kitatoka, na mguu wa bolti utabaki umesimama. Mguu huo hushikwa kwa koleo la kujifunga, ukapashwa moto, na mara nyingi hutoka kwa wepesi kuliko ilipokuwa na kichwa, maana kifuniko hakiubani tena. Ikikatika ndani, hutiwa alama katikati kwa msumari mgumu, hutobolewa kwa keekee nyembamba, hasa ile ikatayo kwa kuzunguka kushoto, kwa kuwa mara nyingine huing'oa yenyewe huku ikitoboa. Kuna na chombo cha kung'olea, chenye hesi za kinyume, kigongwacho katika tundu hilo. Hicho hakukipenda. Kimetengenezwa kwa chuma kigumu mno, na kikikatikia ndani hakuna keekee ya kijijini itakayokitoboa. Hapo ndipo injini zipelekwapo Tanga. Na la mwisho kabisa ni kutoboa tundu kubwa zaidi na kukata hesi mpya. "Kila hatua ni ghali kuliko iliyotangulia," alisema, "kwa hiyo twakaa katika hatua ya kwanza mpaka itukatae yenyewe."

Hapa tutasimama kidogo. Tumesikia wazazi wengi wakimtukana mtoto aliyeshindwa mtihani kwa kumwambia, "Utakuwa fundi." Mzee yule alikuwa na hesabu, alikuwa na elimu ya madini, alikuwa na adabu ya kungoja, na hakuwa na cheti cha kuonyesha. Sisi tumefundisha watoto zaidi ya miaka ishirini na tano, na twaweza kusema ni wachache tuliowaona wakikaa na mas'ala moja usiku kucha bila kuilazimisha.

Tuendelee. Ilipofika saa tatu mzee aliamuru tangi la petroli liondolewe lipelekwe nyuma ya nyumba ya tatu, betri ifunguliwe, oili iliyomwagwa iondolewe, na pikipiki itolewe nje penye upepo, mbali na makuti. Watoto wakafukuzwa. Yeyote atakayejaribu haya nyumbani kwake na asiyaruke mambo hayo manne, kwani mvuke wa petroli hauonekani, na nyumba za makuti hazizimwi. Kisha akawasha tochi ndogo ya gesi aliyoiazima kwa mchomeleaji, akaupeleka moto si juu ya bolti bali kuizunguka, juu ya alumini, akiusogeza daima asiuache mahali pamoja. Alumini huyeyuka katika nyuzi 660 hivi, wala haigeuki nyekundu kukuonya kama chuma. Kila mara alidondosha tone la maji; lilipoanza kuruka na kukauka papo hapo, aliondoa moto.

Hekima yake ni hii. Vitu vyote vikipata moto hupanuka, lakini alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu hupanuka kuliko bolti iliyomo. Tofauti hiyo, katika bolti nyembamba kama ile, ni kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita. Jicho haliioni, ila saruji yetu nyeupe hupasuka kwayo. Aliposema hivyo tulikumbuka kwamba katika msahafu mna sura nzima iitwayo Chuma, na kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma mikononi mwake. Sisi hatukulainishiwa, tuliambiwa tungoje.

Bolti ilipokuwa ingali moto, mzee alichukua mshumaa akaigusisha ncha yake shingoni mwa bolti. Nta iliyeyuka, na tuliiona kwa macho yetu ikivutwa ndani kama maji yavutwavyo na kitambaa. Akaacha ipoe. Akarudia moto, akarudia mshumaa. Mara ya tatu akachukua spana ya boksi yenye pembe sita, siyo ile ya pembe kumi na mbili wala ile ya mdomo wazi, akaigonga mpaka ikakaa kabisa kichwani. Kisha, kwa mshangao wa kijana, akaizungusha kulia, upande wa kukaza.

"Babu, wakaza!"

"Naiamsha," akasema.

Ilisogea kwa upana wa unywele. Akairudisha kushoto, ikasogea unywele huo huo. Kulia, kushoto. Mlio ulisikika, mkavu, kama mlango wa zamani. Kila ilipokuwa ngumu alirudi nyuma akatia mafuta, wala hakuongeza nguvu hata mara moja. Kazi hiyo ilianza kabla ya saa nne, na robo ya mzunguko ilipatikana karibu na saa tano. Kijana aliyetaka kuimaliza kwa bomba la maji alikuwa amechuchumaa, chupa ya mafuta mkononi, akitia tone kila alipoamrishwa, hasemi. Adhana ya Adhuhuri iliposikika bolti ilikuwa mkononi mwa mzee, nzima, imejaa unga mweupe katika hesi zake zote. Aliiweka juu ya gazeti, akaenda kutawadha.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Kifuniko kilitoka. Pleti tatu zilikuwa zimeungua na kugeuka rangi ya kahawa nyeusi, nazo zilipopimwa unene zilikuwa zimepungua. Pleti za chuma na springi zilikuwa salama. Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Pleti mpya, gasketi, oili ifaayo na bolti zote mpya, pamoja na nauli ya kijana ya kwenda Tanga na kurudi, zilitugharimu shilingi 62,000 katika fedha za mayatima, na kila senti ina risiti. Mzee hakutaka ujira. Mjane alimpelekea kuku, naye akamla. Pleti mpya alizilowesha katika oili usiku mzima kabla ya kuzifunga, kwani zikiingizwa kavu huungua siku ya kwanza. Tundu lililokuwa limeganda alilisafisha kwa bolti ya zamani aliyoikata ufa ubavuni kwa msumeno, akiiingiza na kuitoa ili ufa ukokote unga. Bolti mpya zikapakwa grisi nyembamba kwenye hesi, zikafungwa kwa mkono kwanza, kisha zikakazwa kwa zamu, moja huku na ya pili upande wa pili, kwa spana fupi tu.

Mwisho akarekebisha waya. Alilegeza nati ndogo ya mkononi, akazungusha mpaka mkono ukacheza, akapima ncha yake kwa rula ya shule ya yule mtoto mkubwa: milimita 15. Akamwambia kijana apande, atie gia, aachie polepole. Akamwonya asipite tena penye mchanga kwa klachi iliyobanwa nusu, kwani hiyo nusu ndiyo iunguzayo. Atie gia ndogo mapema, aiachie klachi yote, na abiria wateremke ikibidi. Kijana alipakia magunia mawili akaenda Mwera akarudi kabla ya Magharibi. Usiku huo katika kitabu tuliandika 5,000.

Tangu hapo tuliweka desturi. Kila Ijumaa asubuhi pikipiki ilioshwa kwa maji ya kisima, si ya bahari, ikakaushwa. Kila miezi mitatu bolti za kifuniko zililegezwa moja moja, mizunguko miwili mitatu, zikatiwa grisi, zikakazwa. Kazi hiyo tulimpa mtoto mkubwa wa marehemu, kwa kuwa mali ni yake na ndugu zake, naye alifundishwa na mzee namna ya kushika spana fupi. Mwezi wa Februari 2020 tulimkuta barazani kwao amekwisha zifungua na kuzipanga juu ya gazeti. Tukamwuliza ile ya mbele chini imetokaje. Akasema imetoka kama wenzake.